Mvi ngumu zisizolala na nywele za utosini zinazokatika: nianzie wapi?

Bi Chumbageni (Tanga) aliuliza:

Habari zenu nyote. Nina umri wa miaka 52 na ninaomba ushauri kuhusu nywele zangu, ambazo zina matatizo mawili yaliyoshikana kiasi kwamba siwezi kusema lipi limezaa lingine. Mvi zilianza kwenye mapanja nilipovuka miaka arobaini, zikapanda hadi utosini, na sasa zinaota ngumu kama nyuzi za katani. Hazilali hata nikizipaka mafuta, ilhali nyeusi zilizobaki ni laini na zinakubali kitana. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitia dawa ya kulainisha kila nywele zinapoota, na mvi ninazificha kwa piko. Mara nyingi yote mawili hufanyika siku moja saluni, kwa kuwa ndiyo siku ninayopata nafasi.

Tangu mwaka jana nywele za utosini zinakatika. Vipande vifupi vinabaki kwenye kitana na kwenye mto, lakini kisogoni nywele ni ndefu kama zamani. Maji ya nyumbani ni ya kisima na yana chumvi, sabuni haitoi povu. Msusi ananishauri nisuke rasta ili nywele zipumzike, dada yangu anasema ninyoe zote, na binti yangu anataka niache mvi zionekane. Ningependa kujua kama mvi zinakatika kwa udhaifu wake zenyewe au kwa sababu ya dawa, kama kuna namna ya kuzilaza bila dawa, na ni rangi gani isiyo na madhara kwa mtu ambaye bado hajawa tayari kutembea na kichwa cheupe. Harusi ya mwanangu ni mwezi wa Desemba, na nisingependa kuisimamia nikiwa katika hali hii.

Msusi wa Mabatini (Mwanza) alijibu:

Shikamoo mama. Nimefanya kazi ya saluni kwa muda mrefu na wateja wenye tatizo lako ni wengi kuliko unavyodhani.

Kabla ya yote, zitandaze nywele zinazobaki kwenye kitana juu ya kitambaa cha rangi inayozionyesha vizuri, kisha uzikague moja moja. Unywele ulionyonyoka una kijivimbe kidogo cheupe upande wa shina na urefu wake ni kamili. Unywele uliokatika hauna kijivimbe hicho, na vipande vyake havilingani urefu. Kunyonyoka kwa nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida kwa mtu mzima. Kwa maelezo yako, nadhani zako zinakatika.

Mvi haikatiki kwa kuwa ni mvi. Tatizo liko katika namna tunavyoishughulikia. Dawa kali za kulainisha, zile zenye sodiamu haidroksaidi, zina pH (kipimo cha asidi na magadi, ambapo 7 ni katikati na namba kubwa ni magadi makali) ya kati ya 12 na 14, na kazi yake ni kuvunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo na nguvu. Kifungo kilichovunjwa na dawa ya aina hiyo hakirudi kilivyokuwa, ndiyo maana dawa inapaswa kupakwa kwenye nywele zilizoota tu, bila kugusa sehemu iliyokwisha kutiwa dawa hapo awali. Sasa fikiria kichwa chenye mvi ngumu zilizochanganyika na nywele nyeusi laini. Msusi anaona mvi bado zimesimama, anaiacha dawa ikae dakika za ziada ili nazo zilale, na katika dakika hizo nyeusi zilizo jirani zinapitiliza kuiva. Saluni nyingi huanza kupaka utosini, kwa hiyo ndiko dawa inakokaa muda mrefu zaidi. Ukiongeza rangi siku hiyohiyo, hasa ikiwa imechanganywa na peroksaidi, unaushambulia unywele ambao magamba yake tayari yako wazi. Mteja wangu akitaka vyote viwili, ninamwambia arudi baada ya wiki mbili au zaidi, na asipokubali ninamwacha aende kwingine.

Kuhusu rasta, naomba nitofautiane na mwenzangu. Nywele za bandia zina uzito, na kuzifunga kwenye nywele zilizokwisha kudhoofika ni kumalizia kilichobaki. Ukitaka kusuka, suka mabutu au twende kilioni kubwa kwa nywele zako mwenyewe, na ukilala na maumivu ya kichwa au ukaona vipele kwenye mstari wa nywele, fumua bila kungoja asubuhi.

Mwana Mvita (Mombasa) alijibu:

Dada yangu, nakupa pole. Nami nina mvi kichwa kizima na dawa sijaigusa tangu nilipopata wajukuu, kwa hiyo nitasema juu ya hina, mafuta na maji.

Hina safi ina kemikali ya asili iitwayo losoni, ambayo hushikamana na keratini, yaani protini inayounda unywele, bila kuupasua. Juu ya mvi hutoa rangi ya machungwa inayokolea kuwa nyekundu, na asiyeipenda rangi hiyo anaweza kupaka unga wa nili juu yake baada ya kuosha, akapata kahawia au nyeusi. Hakuna hina ya asili iliyo nyeusi. Ukiuziwa pakiti yenye maneno “hina nyeusi”, jua kwamba ndani yake kuna kitu kingine, na aghalabu ni kilekile kilichomo katika piko. Hina hukausha, jambo ambalo wauzaji hawalisemi, kwa hiyo siku inayofuata paka mafuta mengi.

Kwa mafuta nachagua nazi, na ninayapaka kabla ya kuosha, si baada tu. Utafiti uliochapishwa 2003 na watafiti wa India uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, ukaona kwamba nazi peke yake ndiyo iliyopunguza upotevu wa protini ya unywele, kwa kuwa asidi yake ya lauriki hupenya ndani. Watafiti wenyewe walikuwa waajiriwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi, nawe lipime hilo unavyoona. Nyonyo ninayatumia pia, lakini kwa uzito wake wa kuzituliza nywele. Madai kwamba huotesha nywele siyategemei.

Maji ya kisima yana kalisiamu na magnesiamu, ambazo zikikutana na sabuni ya kipande huacha utando mweupe juu ya nywele, na utando huo unazidisha ugumu unaoulalamikia. Tumia shampuu badala ya sabuni, kinga maji ya mvua kwa ajili ya suuzo la mwisho, na kama mvua hakuna, tia kijiko kimoja cha siki katika lita moja ya maji, usuuze kwayo, kisha umalizie kwa maji kidogo safi. Ikiwa unavaa ushungi, usiufunge juu ya nywele mbichi, na ndani yake weka kofia ya satini, maana pamba hunyonya mafuta yote uliyopaka na kuzisugua nywele kutwa nzima.

Afisa Ngozi (Moshi) alijibu:

Naheshimu ushauri uliotangulia, lakini kuna neno moja katika swali la mama ambalo limepitwa haraka: utosini. Kwa wanawake wenye asili ya Afrika walio katika umri wa kati, kukatika kunakoanzia utosini na kutanuka taratibu kwa duara kunaweza kuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa ambao madaktari huufupisha CCCA. Katika ugonjwa huo vishimo vinavyootesha nywele huvimba ndani ya ngozi, vikafa na kuacha kovu, na penye kovu nywele hazioti tena. Matibabu yanaweza kuuzuia usiendelee, lakini hayarudishi kilichokwisha kufa, ndiyo sababu nisingependa mtu akae nao akibadilisha mafuta mwaka mzima. Mama ajiangalie au aangaliwe na bintiye: je, utosini kunawasha, kunachoma au kunauma akiguswa? Je, ngozi inang'aa na vitundu vya nywele havionekani? Ikiwa mojawapo ipo, aende Hospitali ya Bombo na aombe kuonwa na mtaalamu wa ngozi au apewe rufaa. Hapa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachopokea wagonjwa kutoka mikoa mingi.

Akiwa huko apimwe pia wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma na tezi ya shingo. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi anaweza kuwa ametoka damu nyingi kwa miaka kadhaa, hasa akiwa na uvimbe wa kizazi, na upungufu wa madini ya chuma hupunguza nywele bila dalili nyingine ya wazi. Tezi isipofanya kazi vizuri nayo huzifanya nywele kuwa kavu na rahisi kuvunjika.

Mvi zenyewe haziniogopeshi. Kwa watu weusi huanza kwa wastani katikati ya miaka ya arobaini, na tunazichunguza kwa makini zaidi zikitokea kabla ya miaka 30. Zinatokea pale chembe zinazotengeneza rangi kwenye shina la unywele zinapokoma kazi, na katika umri huohuo tezi za mafuta ya ngozi hupunguza kasi, kwa hiyo unywele mweupe unaota mahali pakavu zaidi kuliko mweusi wa ujanani. Kuing'oa mvi hakuzizidishi, kwa sababu kila shina linajitegemea, lakini kung'oa mara kwa mara kunaweza kuliumiza shina.

Kuhusu piko nitakuwa mkali. Kiambata chake kikuu ni parafenilinidiamini, ambayo Umoja wa Ulaya unaruhusu isizidi asilimia 2 katika rangi ya nywele inapopakwa kichwani. Piko tunayouziwa kwa vipakiti mara nyingi haina maelezo ya kiasi. Mzio wake unaweza kumpata mtu aliyeitumia miaka mingi bila shida: uso unavimba, macho yanafumba, ngozi ya kichwa inatoa maji, na mwili uliokwisha kuikataa huendelea kuikataa. Ikimezwa ni sumu inayofunga koo na kuharibu figo, kwa hiyo isiwekwe mahali watoto wanapofika. Hata rangi yenye jina linalojulikana ijaribiwe kwanza kwa tone nyuma ya sikio, na mtu asubiri saa 48.

Juu ya dawa za kulainisha, mwaka 2022 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walieleza kwamba wanawake waliozitumia zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja walipata saratani ya mji wa mimba kwa wingi kuliko wasiozitumia. Ni uhusiano ulioonekana, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na idadi ya waliougua ilikuwa ndogo. Hata hivyo, kwa mtu ambaye nywele zake tayari zinaikataa dawa, sioni sababu ya kuendelea.

Bi Chumbageni alirudi:

Nawashukuru sana. Nimezitandaza nywele kama nilivyoelekezwa na karibu zote ni vipande visivyo na shina. Utosini pananichoma nyakati za jioni, nami nilidhani ni mabaki ya dawa, kwa hiyo Bombo nitakwenda. Nimebakiwa na mambo mawili. Je, ninyoe? Na kabla ya kwenda kliniki nijiandae vipi?

Msusi wa Mabatini alijibu:

Mama, kunyoa si lazima, lakini kupunguza ni lazima. Mahali unywele wa asili unapokutana na uliotiwa dawa ndipo penye udhaifu mkubwa, na kila utakapochana patakatika. Nywele zetu huota karibu sentimita moja kwa mwezi, au pungufu kidogo, kwa hiyo hadi Desemba hazitakuwa zimeota kiasi cha kubadili mengi. Ningekushauri ukate za kisogoni zikaribiane na za utosini, ukate ncha nyingine kila baada ya miezi miwili, na usitie dawa tena. Usichane zikiwa kavu. Zigawe mafungu manne, zilowanishe, paka konditiona, kisha tumia kitana chenye meno mapana ukianzia nchani kwenda juu.

Ili mvi zilale, anza na maji, kwa sababu mafuta juu ya unywele mkavu yanafungia ukavu ndani. Zikiwa na unyevu, paka konditiona ya kubaki kichwani, kisha mafuta kidogo ya nazi, kisha jeli ya mshubiri kwenye mapanja na mbele. Funga kitambaa cha satini hadi zikauke zenyewe. Hazitakuwa bapa kama za dawa, lakini zitashikika. Siku ya harusi vaa kilemba, au wigi lisilobandikwa kwa gundi, ukitanguliza kofia ya satini. Hina usiipake mpaka daktari aseme ngozi ni salama.

Afisa Ngozi alijibu:

Nenda kliniki nywele zikiwa zimefumuliwa na zimeoshwa siku moja kabla, bila mafuta, bila jeli wala rangi, ili ngozi ionekane. Chukua kopo la dawa na pakiti ya piko ulizotumia mara ya mwisho, pamoja na majina ya dawa zozote unazomeza kwa ajili ya presha au ugonjwa mwingine. Daktari akiona inafaa, anaweza kuomba kipande kidogo cha ngozi ya utosini kipimwe. Hufanyika kwa ganzi na huchukua muda mfupi, kwa hiyo usikatae kwa hofu, kwani kipimo hicho kinaweza kuonyesha kama vishimo vya nywele vimeanza kufanya kovu.