Naomba ushauri: pikapu ya ukweni au Tacoma ya mtumba?

Wakuu, salaam. Niko Columbus, Ohio. Pikapu yangu, ya kampuni moja ya Kimarekani, giaboksi inateleza. Fundi kamwaga oili akaweka mpya, bado inachelewa kushika gia. Baba mkwe hataki kusikia kampuni nyingine, kwao wameendesha hiyo tangu enzi za babu yake. Simba na Yanga kabisa! Mimi nawaza Toyota Tacoma ya mtumba, ila bei haishuki sana hata ikifika maili 100,000, na zile za 2005 hadi 2010 fremu zililiwa na kutu.

Kwa bei ileile, nichukue Tacoma iliyotembea sana au ya Kimarekani yenye maili chache? Na kwa chumvi hii inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, fremu niikague wapi hasa?