MREJESHO: Ile pembetatu imekubali

Wakuu, ni mimi niliyeuliza namna ya kunakili pembetatu kwa bikari na rula bila kupima pembe. Huku Masasi mambo yamenyooka. Nilichora mstari, nikahamishia urefu wa upande wa kwanza, kisha nikapiga tao kutoka kila ncha, kwa urefu wa pande mbili zilizobaki. Kumbe matao yanakatana juu na chini! Nilitumia makutano ya chini, nikadhani nimeharibu. Nilipoikata kwa mkasi na kuipindua, ikalala juu ya mwenzake bila kuzidi hata unywele. Na kosa langu la mwanzo? Bikari ililegea, ikawa inapanuka yenyewe katikati ya tao. Nimeikaza kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Binti yangu ananicheka mpaka sasa.