Nyumba ya mbao Mufindi: oili chafu, vanishi au mafuta ya kupenya?

Kinyanambo_Mtu: Wakuu, habari za jioni. Nina nyumba ya mbao huku Mufindi. Kuta ni paini ya Sao Hill, mbao za moja kwa nane, nguzo ni mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani. Ukuta wa mashariki unaopigwa na mvua na ukungu umegeuka kijivu, na vanishi inabanduka kama ganda la kitunguu. Fundi wa kwanza anasema nipake oili chafu ya gereji, yaishe. Wa pili anataka nirudie vanishi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi naye ananisukumia mafuta ya kupenya, yale yanayozama ndani ya mbao badala ya kuganda juu kama vanishi, bei inauma. Nishike lipi?

Fundi_Randa: Oili chafu kapake nguzo za zizi, mkuu. Haiingii ndani ya mbao kama watu wanavyodhani. Mvua inaishusha kwenye udongo, nguo za watoto zinachafuka, na siku ukibadili mawazo hakuna rangi itakayoshika juu yake. Mchwa wanaikwepa ikiwa mbichi tu. Nimeshabomoa banda lililopakwa oili nikakuta wamejenga njia yao ya udongo juu yake, wakapanda hadi kwenye kenchi.

Mzee_wa_Gereji: Vijana mnadharau. Nyumba ya marehemu baba ilipakwa oili chafu miaka yote na mpaka leo imesimama.

Fundi_Randa: Shikamoo mzee. Ilikuwa mbao gani?

Mzee_wa_Gereji: Marahaba. Mninga.

Fundi_Randa: Hiyo hata ungeipaka maji ya kisima ingesimama, mzee wangu. Huyu ana paini. Paini bila dawa ni chakula cha mchwa.

Sipresi_Limuru: Mimi niko Kenya, nyumba yangu ni ya sipresi, na baridi yetu haina tofauti na yenu. Vanishi isiyo na rangi nimeachana nayo kwa kuta za nje. Jua linapenya vanishi na kuharibu uso wa mbao ulio chini, kwa hiyo vanishi inakosa pa kushika. Ikipasuka, maji yanaingia na kutoka inakuwa taabu. Kurudia ni kazi ya msasa mpaka uione mbao mpya, ukuta mzima. Mafuta ya kupenya yanafifia tu. Unaosha ukuta, unauacha ukauke, unapaka tena. Mimi hurudia kila miaka miwili au mitatu, ukuta wa mvua mapema zaidi. Ila chukua yenye rangi, kahawia au nyekundu, maana rangi ndiyo inayozuia jua. Gharama piga kwa miaka kumi, usiangalie bei ya kopo moja.

Binti_Mkoani: Huku Pemba vyombo vya baharini vilikuwa vikipakwa sifa, mafuta ya papa, na chini ya maji shahamu iliyochanganywa na chokaa. Vikidumu, lakini chombo hupandishwa pwani, kikakwanguliwa na kupakwa upya mara kwa mara. Wenye nyumba za mbao hawana subira hiyo. Na sifa inanuka, tusidanganyane.

Mswahili_Uswidi: Huku nyumba nyingi za mbao vijijini ni nyekundu. Rangi yake asili yake ni mabaki ya mgodi wa shaba wa Falun, hupikwa kwa maji, unga na mafuta ya kitani. Haifungi mbao, unyevu unatoka. Ikichakaa wanaipiga brashi kavu na kupaka tena juu yake, msasa hauhitajiki. Kwa hiyo namuunga mkono wa Limuru.

Fundi_Randa: Kabla hujanunua kopo lolote, chukua bisibisi uchome mbao za chini kabisa, zile zilizo karibu na udongo, na chini ya madirisha. Ikizama bila nguvu, hapo pameoza, na kupaka juu yake ni kuficha ugonjwa. Kuvu wanahitaji mbao yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi. Ukiikausha, wanasimama.

Kinyanambo_Mtu: Nimechoma. Mbao mbili za chini zimeingia bisibisi hadi mpini. Mama watoto alipanda maua pale, udongo umefika kwenye mbao. Na upenu upande huo ni mfupi.

Fundi_Randa: Basi ugonjwa tumeuona. Ondoa udongo mpaka mbao ikae juu angalau futi moja, badili hizo mbili, ongeza upenu au funga gata. Mbao mpya na zile za jirani zipake dawa ya boroni kwanza. Ni chumvi, inasambaa ndani ya mbao na kuua bungua na kuvu. Mvua huiondoa, kwa hiyo ikikauka funika na mafuta ya kupenya.

Kinyanambo_Mtu: Boroni naipata wapi Mafinga?

Sipresi_Limuru: Jaribu duka la pembejeo. Mbolea ya boroni ya kunyunyizia majani, ile ya unga unaoyeyuka ulioandikwa octaborate, ni kemikali ileile ya dawa ya mbao. Soma kibandiko, nyingine zimechanganywa na zinki na kadhalika. Kilo moja kwa lita kumi za maji ya uvuguvugu, paka mara mbili. Vaa glavu, na maua ya shemeji yafunike, boroni nyingi inaua mimea.

Fundi_Randa: Subiri Agosti hadi Oktoba, sasa hivi ukungu hautakuacha. Na vipande vya nguzo za mkaratusi zikiwa za kijani, usipikie. Kwa kawaida dawa ya kiwandani inayozitia ukijani ina aseniki, moshi na majivu yake ni sumu.

Mswahili_Uswidi: Ukinunua mafuta yenye kitani, matambara uliyofutia usiyalundike stoo. Yanapata joto yenyewe na kushika moto. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.