Mgeni wa mara ya kwanza jijini: akae katikati ya jiji au kwenye mitaa ya makazi?

Mleta mada

Kila anayejiandaa kwenda katika jiji asilolijua hupewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Wapo wanaomwambia akae katikati, karibu na stesheni kuu na maeneo anayotaka kuyaona, hata kama malazi ni ghali, ili asipoteze muda barabarani. Wapo wanaomwambia aikimbie hiyo katikati, apange nyumba kwenye mtaa wa kawaida na kuishi kama wenyeji, kwa madai kwamba huko ndiko jiji lenyewe lilipo. Ushauri huu wa pili umepata nguvu tangu majukwaa ya kupangisha nyumba kwa muda mfupi yaenee kwenye intaneti, na siku hizi hutolewa kana kwamba anayeufuata ni msafiri na asiyeufuata ni mtalii tu. Naupinga kwa mtu anayefika mara ya kwanza, kwa sababu haumfai yeye, na kwa jinsi unavyotekelezwa katika miji mingi haumfai mwenyeji pia.

Nianze na mgeni. Kosa kubwa analofanya ni kupima umbali kwa macho kwenye ramani. Chukua Istanbul: aliyepanga Kadıköy, upande wa Asia, ataona kwamba Sultanahmet, penye misikiti na makasri ya kale, ipo ng'ambo tu ya maji. Ramani haimwambii kwamba kila asubuhi ataanza na kivuko cha dakika 20 hivi, au treni ya Marmaray iliyoanza kupita chini ya Bosporus mwaka 2013, kisha atafute tramu au apande kilima kwa miguu. Kwa mkazi hayo ni maisha ya kila siku, lakini kwa mtu mwenye siku tatu tu ni sehemu kubwa ya ziara yake. Paris nayo ina mtego wake. Wilaya zake 20 zimehesabiwa kwa kuzunguka kuanzia katikati, mfano wa gamba la konokono, kwa hiyo mgeni hudhani namba ndogo ni karibu na namba kubwa ni mbali. Lakini mnara wa Eiffel uko wilaya ya 7, ambayo inapakana na ya 15, na anayelala upande huo wa wilaya ya 15 anaufikia mnara haraka kuliko anayelala wilaya ya 3.

Kuna miji ambayo hata neno "katikati" halisaidii. Tokyo haina kitovu kimoja. Ina Shinjuku, Shibuya, Ueno, Ikebukuro na stesheni ya Tokyo yenyewe, na zote zimeunganishwa na reli ya mduara ya Yamanote yenye vituo 30. Aliyelala hatua chache kutoka kituo chochote cha reli hiyo yuko katikati kwa maana inayomhusu, na aliyelala mtaa mzuri unaohitaji basi kwanza, kisha treni ya abiria wa kila siku, kisha Yamanote, yuko pembeni hata kama ramani inamwonyesha yuko jirani. Ndiyo sababu nasema mgeni achague njia ya treni kwanza, mtaa baadaye. Aliyetua Heathrow, uwanja wa ndege wa London, na kupanga mtaa wa Earl's Court anapanda treni ya njia ya Piccadilly na kushuka bila kubadili popote. Mwenzake aliyepata nyumba nzuri zaidi kwa fedha ileile atabadili treni mara mbili akiwa na mizigo, kwenye vituo ambavyo vingi havina lifti.

Usiku nao una masharti yake. Treni za Tokyo husimama muda mfupi baada ya saa sita usiku na hazirudi hadi karibu saa kumi na moja alfajiri. Za chini ya ardhi za London zilianza kutembea usiku kucha mwaka 2016, lakini ni kwa baadhi ya njia tu, na ni usiku wa Ijumaa na Jumamosi. New York ndiyo inayojulikana kwa treni zisizolala. Tangazo la nyumba litakalokwambia "dakika tano hadi stesheni" halitakwambia kwamba stesheni hiyo hupata treni mbili kwa saa, wala treni ya mwisho ni ya saa ngapi.

Hata hizo dakika tano ni za kuaminiwa kwa shingo upande. Majukwaa mengi hayaonyeshi anwani kamili kabla hujathibitisha nafasi yako. Yanachora duara kwenye ramani, nawe unaambiwa nyumba imo humo. Duara lile linaweza kufunika ng'ambo zote mbili za reli au za barabara kuu, upande mmoja ukiwa na daraja la waenda kwa miguu na mwingine ukikulazimu kuzunguka robo saa. Anayelijua jiji ataangalia picha ya dirishani akatambua yuko upande gani. Mgeni hana uwezo huo.

Sasa nije kwa mwenyeji. Nyumba anayoambiwa mgeni akaishi humo kama mkazi, mara nyingi ilikuwa na mkazi. Mwezi Juni 2024 meya wa Barcelona, Jaume Collboni, alitangaza kwamba leseni za nyumba za watalii zipatazo 10,101 hazitahuishwa, ili kufikia Novemba 2028 jiji lisiwe na nyumba hata moja ya aina hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba kodi za pango zimepanda kwa asilimia 68 ndani ya miaka kumi. Katikati ya Venice ya kale palikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950, na leo hawafiki 50,000. Anayepita katika mitaa ya namna hiyo huona visanduku vidogo vya funguo vyenye namba za siri vimefungwa kwenye vyuma vya ngazi na nguzo za baiskeli, vingine vinne au vitano mahali pamoja. Paris ilivipiga marufuku kwenye nguzo na vyuma vya barabarani mwaka 2025. Visanduku hivyo vinaonyesha wazi kwamba ndani hakuna mwenyeji wa kukupokea. Utaishije kama wenyeji kwenye ngazi ambayo kila mlango una mgeni mwenzako?

Hoja yangu, basi: mara ya kwanza, kaa hotelini au kwenye nyumba ya wageni iliyo kwenye njia kuu ya usafiri. Mitaa ya makazi itembelee mchana, na ukirudi mara ya pili utakuwa na sababu yako mwenyewe ya kuchagua mtaa. Naomba maoni, hasa ya wanaopinga.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umeieleza vizuri sehemu ya treni na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba mgeni wako ana sura moja tu: mtu mmoja au wawili, wenye siku tatu, waliokwenda kutazama majengo. Wageni wa mara ya kwanza ni wengi kuliko hao. Yupo anayempeleka mzazi wake hospitali na atakaa wiki tano akisubiri matibabu; yupo mwanafunzi anayetafuta pa kufikia kabla chuo hakijafungua; zipo familia zenye watoto wanne, ambazo hoteli huzilazimisha kulipia vyumba viwili visivyo hata na jiko. Ukiwaambia hao wakae karibu na vivutio, unawapa jibu la swali ambalo hawakuuliza. Anayeuguza anahitaji kuwa karibu na hospitali, na hospitali kubwa mara nyingi hazipo katikati.

Pili, umeitumia Venice kwa namna isiyoitendea haki historia. Wakazi walianza kuhama muda mrefu kabla ya majukwaa ya intaneti kuwapo. Nyumba nyingi zilikuwa na unyevu na ukarabati wake ulikuwa ghali, ajira zilikuwa bara, upande wa Mestre na Marghera, na mafuriko ya Novemba 1966 yaliwamalizia wengi subira. Upangishaji wa watalii umezidisha jambo lililokuwapo. Na tozo ya kuingia ambayo jiji hilo lilianza kuijaribu Aprili 2024 inawalenga wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni. Anayelala ndani ya jiji hailipi. Maana yake wenye jiji wenyewe wamemwona anayelala kuwa si tatizo lao kubwa kuliko anayepita.

Tatu, wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukiwarundika wageni wote kwenye mitaa ileile michache, anayepona ni mwenye hoteli. Amsterdam kwa miaka mingi ilijaribu kuwatawanya wageni, hata ufukwe wa Zandvoort, ulio nje kabisa ya jiji, ukaanza kutangazwa kuwa ni ufukwe wa Amsterdam. Unaweza kulicheka jina, lakini mantiki yake ni sahihi: mzigo ukigawanywa, na faida inagawanyika. Suala la kodi za pango ni la serikali za miji, ambazo zina mamlaka ya kutoa leseni, kutoza kodi na kujenga nyumba. Kumbebesha mgeni mwenye begi moja dhambi ya sera mbovu si haki.

Mchangiaji wa pili

Nachangia kwa ufupi, kama mwanamke ninayesafiri peke yangu kikazi. Nyote wawili mnazungumza kana kwamba safari inaishia stesheni. Kwangu mimi inaishia mlangoni, na kipande kati ya stesheni na mlango, saa nne usiku, ndicho kinachoamua. Ushauri wa kukaa karibu na stesheni kuu una kasoro hapo. Frankfurt ina hoteli nyingi mkabala na stesheni kuu, na uwanja wa ndege uko dakika chache kwa treni. Lakini mtaa huohuo, Bahnhofsviertel, unajulikana kwa madanguro na kwa watumiaji wa dawa za kulevya wanaokaa barabarani. Wengi hupita salama, nami sisemi kwamba kila mtu akimbie. Nasema tu kwamba kuwa kwenye njia nzuri ya treni hakutoshi.

Pia tuwe waangalifu na jibu la "mtaa huo si salama". Mara nyingi anayelitoa hajawahi kukanyaga huko, na anachokiogopa ni umaskini au rangi za watu wanaoishi hapo. Mimi huuliza mambo yanayoweza kujibiwa: taa zipo, maduka yanafungwa saa ngapi, mapokezi yana mtu usiku au kuna kisanduku cha funguo? Kwa hilo la mwisho nakubaliana na mleta mada. Kuhangaika na namba ya siri gizani, begi likiwa miguuni na simu ikiwaka mkononi, ni kuwatangazia wapita njia wote kwamba wewe ni mgeni.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango yote miwili. Hoja ya anayeuguza na ya familia kubwa naikubali bila kinyongo. Mtu wa wiki tano ni mkazi wa muda, na mkazi huchagua mtaa kwa mahitaji yake. Napunguza kauli yangu ibaki kwa aliyekuja kwa siku chache. Kuhusu Venice, historia uliyoitaja ni ya kweli, ila haibadilishi hali ya familia inayotafuta pango leo: nyumba iliyoachwa kwa sababu ya unyevu mwaka 1970 ingeweza kukarabatiwa ikarudi kwa mkazi, na sasa inakarabatiwa ili iende kwa mgeni.

Ninapokataa kabisa ni pale unaposema jambo hili ni la serikali peke yake. Serikali za miji zimekwisha kutunga sheria, na sheria hizo zinamfikia mgeni. New York, tangu Septemba 2023, inasimamia masharti kwamba anayepangisha kwa chini ya siku 30 awe amesajiliwa, awepo mwenyewe ndani ya nyumba, na asipokee wageni zaidi ya wawili. Japani iliweka ukomo wa siku 180 kwa mwaka kuanzia Juni 2018. London ina ukomo wa usiku 90 kwa nyumba nzima. Mgeni anayelipia nyumba isiyo na usajili anaweza kujikuta nafasi yake imefutwa wiki moja kabla ya safari, wakati vyumba vingine vimejaa, kwa hiyo hata asipojali haki ya mwenyeji ana sababu ya kutafuta namba ya usajili kwenye tangazo.

Masharti ya New York yananivutia pia kwa sababu yanagusa tofauti ambayo mjadala huu huisahau, kati ya nyumba nzima isiyo na mtu na chumba ndani ya nyumba ya mtu anayeishi humo. Chumba cha namna hiyo hakimwondoi mpangaji, kipato chake kinabaki mtaani kama anavyotaka mchangiaji wa kwanza, na usiku yupo mtu wa kufungua mlango, jambo ambalo mchangiaji wa pili amelisisitiza. Kikiwa kwenye njia nzuri ya treni, nakiweka sawa na hoteli. Wapinzani wa sheria hiyo wanasema imewanufaisha wenye hoteli, ambao wamebaki na washindani wachache. Hoja hiyo ina uzito, na ingekuwa na uzito zaidi kama waathirika wakuu wangekuwa ni wenye vyumba badala ya wenye nyumba nzima kumi.

Ningependa tuendelee na jambo moja ambalo halijajadiliwa vya kutosha, nalo ni lile duara la kwenye ramani. Je, majukwaa yalazimishwe kuonyesha, kabla ya malipo, jina la barabara, kituo kilicho karibu zaidi kwa miguu, na kama mwenyeji analala humo? Anayepinga atasema anwani huwapa wezi orodha ya nyumba zinazobaki tupu. Mimi naona jina la barabara bila namba ya nyumba linatosha kumwongoza mgeni na halimpi mwizi kitu, lakini anayepangisha chumba chake mwenyewe huenda akaliona kwa jicho jingine, na ningependa tumsikie.