Ushauri: Landrover 109 nimeifungulia uani, Tanga, na masika yako mlangoni. Nizuie vipi kutu?

Mwanzisha uzi:
Wakuu, heshima kwenu. Nina Landrover 109 Series III niliyoachiwa na marehemu baba mdogo, nataka irudi barabarani. Gereji yenye paa sina. Kazi naifanyia uani, na bahari naiona kutoka hapa. Bodi nimeshainyanyua, chesisi imekaa juu ya matofali, injini na giaboksi ziko kando juu ya mbao. Hab, dramu za breki na bolti nimezikusanya kwenye madebe.

Kinachonisumbua ni hiki: kipande nikikisugua kwa brashi ya waya jioni, asubuhi nakikuta kimeshapiga wekundu. Hela inapatikana kidogokidogo, kwa hiyo gari itakaa wazi muda mrefu. Kuna aliyenishauri nipake oili chafu kila mahali. Mwingine kaniambia ninunue turubai la nailoni, niifunike gubigubi mpaka mvua zipite. Na ndani ya chesisi, ambako brashi haifiki, nifanyeje? Naombeni mwongozo, gari hii ina maana kubwa kwa familia.

Dereva wa Korogwe:
Mkuu, paka oili chafu. Malori mengi ya zamani yalipakwa hiyo kwa chini, na yapo yanayotembea mpaka leo.

Fundi bodi:
Dereva, kwa lori linalotembea na lisilosubiri rangi sibishani nawe. Kwa gari inayotengenezwa upya, hapana. Oili ikishaingia kwenye vijishimo vya kutu ni taabu kuitoa, na rangi itakayopakwa juu yake itabanduka. Tena oili iliyotoka kwenye injini ina asidi, inaharibu mipira ya bushi, na si kitu cha kushika kwa mikono mitupu wala kuachia kidondoke uani penye watoto.

Sasa kijana wangu, sikia. Huo wekundu wa asubuhi unaletwa na chumvi. Upepo wa bahari unaibeba, inatua kwenye chuma, usiku inavuta unyevu, na chuma kitupu hakina cha kujikinga nacho. Kwa hiyo osha kabla hujagusa msasa. Ukisugua bila kuosha unaishindilia chumvi kwenye vijishimo, na kutu itachipukia chini ya rangi. Tumia maji ya bomba au ya mvua, maana visima vya karibu na bahari mara nyingi vina chumvi.

La pili, na hili ndilo kubwa kuliko yote: usikwangue chuma zaidi ya kile utakachokipaka siku hiyohiyo. Wengi wanakwangua gari zima kwa furaha, kisha ndipo wanaanza kutafuta hela ya praima, ile rangi ya kwanza ya chini. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri iache ilinde chuma mpaka zamu yake ifike. Chukua kipande kimoja: osha, anika, sugua, futa kwa thina na kitambaa safi, paka. Usianze umande ukiwa bado juu ya chuma. Mimi napaka kati ya saa nne na saa nane mchana. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, ahirisha.

Kuhusu praima, ile ya kijivu ya kawaida inanyonya maji kama sponji, usiiache kwenye mvua bila rangi ya juu. Redoksaidi, ile praima nyekundu, nayo peke yake haikai mwaka wa pwani. Ukiweza, nunua epoksi ya makopo mawili inayochanganywa kwa vipimo vya mtengenezaji. Hiyo inaziba maji kwelikweli, ila jua linaifanya iwe unga kwa juu, kwa hiyo nayo uifunike kwa rangi kabla muda ulioandikwa kwenye kopo haujapita. Vaa kinyago cha kuchuja kemikali. Barakoa ya kitambaa haikusaidii kitu hapo.

Mkaazi wa Likoni:
Kuhusu turubai, usiifunike gubigubi kamwe. Mvuke wa ardhini hupanda, hugota kwenye nailoni, kisha hudondoka juu ya chuma usiku kucha. Gari hulowa hata siku ambayo mvua haikunyesha, na haikauki, kwa sababu upepo hauingii. Isitoshe nailoni ikipigwa na upepo hukwangua rangi mpya.

Mimi ningejenga banda: nguzo, makuti juu, pande wazi. Makuti hupitisha hewa wala hayatoki jasho kama mabati wakati wa alfajiri. Upande unaotazama bahari simamisha ukuta wa makuti, maana kusi likianza chumvi nyingi itatokea huko. Kama ni turubai tu ulilo nalo, lifunge juu liwe paa lenye mteremko, lisiguse gari. Chini fyeka nyasi, tandika nailoni juu ya udongo na umwage kokoto juu yake, unyevu wa ardhi usipande.

Fundi bodi:
Naunga mkono. Nirudi kwenye chesisi. Ya 109 imeungwa kwa bamba za chuma zikafanya boksi, ndiyo maana inaoza kuanzia ndani, wakati nje inaonekana nzima. Pitia urefu wote kwa nyundo ndogo. Pakilia kwa sauti butu, hasa boksi la nyuma kabisa na mikono inayobeba bodi, pameliwa: kata, chomelea bamba jipya. Kisha zibua matundu ya kutolea maji, pitisha maji safi mpaka yatoke bila wekundu, acha ikauke juani siku kadhaa. Baada ya hapo ingiza mpira mrefu wa kompresa wenye matundu kwenye ncha, pulizia nta ya kuzuia kutu. Uchomeleaji wote uwe umeisha kabla ya nta, kwa sababu nta inashika moto. Na matundu yabaki wazi.

Fundi injini:
Usiisahau injini hapo kwenye mbao. Toa plagi, mimina oili safi kidogo kila silinda, zungusha kranki kwa mkono, rudisha plagi. Rudia kila baada ya wiki chache, la sivyo ringi zitagandana na silinda. Ziba midomo ya manifoldi, pale hewa inapoingilia na moshi unapotokea. Dramu za breki zipake oili nyepesi kwa ndani, lakini ziwekee alama: lazima zioshwe kwa dawa ya kusafishia breki kabla ya kufungwa.

Mwalimu wa kemia:
Kwa vidude vidogo vyenye kutu kuna molasi, ile wafugaji wanayowapa ng'ombe. Changanya sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, tumbukiza vyuma, vikae wiki moja au mbili. Inakula kutu bila kukila sana chuma kizima. Ukivitoa, suuza, kausha hapohapo na paka grisi au praima. Usitumbukize alumini, itaharibika.

Mwanzisha uzi:
Ahsanteni sana wakuu. Oili chafu na kufunika gubigubi nimeachana navyo, makuti naagiza wiki hii. Mwalimu, umetaja alumini. Pale bodi inapokutana na ukuta wa chuma wa mbele nimeona unga mweupe, na alumini imetoboka. Hiyo nayo ni kutu?

Mwalimu wa kemia:
Ni alumini inayoliwa. Landrover zilipoanza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, ndipo bodi ikatengenezwa kwa alumini. Alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, umeme mdogo unapita kati yao, na alumini ndiyo inayotolewa kafara. Dawa yake ni kuzitenganisha. Paka epoksi pande zote mbili, weka mpira mwembamba au silanti (gundi ya kuziba maji) kati yake, na kila bolti inayopita hapo iwe na washa ya plastiki na silanti kwenye tundu. Unga mweupe usugue kwa msasa. Usitumie brashi ya waya wa chuma, inaacha vipande vidogo vya chuma ndani ya alumini, na vitaanzisha tatizo lilelile upya.

Fundi bodi:
Na hizo bolti nunua zilizochovywa kwenye zinki, usichukue nyeusi. Chesisi ikishakauka tuma picha ya lile boksi la nyuma, nikwambie pa kukata.