Inhela zilizokwisha dawa zitupwe wapi?

Mlezi wa Wawili: Ndugu zangu, ninalea watoto wawili wenye pumu, na inhela zao zilizokwisha zimejaa droo nzima. Kopo la ndani ni la alumini, ganda ni la plastiki, na lebo inakataza kulitoboa au kulichoma kopo hata likiwa tupu. Nizipeleke wapi bila kudhuru watu wala mazingira?

Mfamasia Mstaafu: Ndugu Mlezi, umefanya vyema kuuliza kwanza. Kaunta, yaani kihesabu dozi kilicho kwenye inhela, ikifika sifuri, zilizokwisha ni dozi zilizopimwa. Gesi inayoisukuma dawa huwa bado imo, na ndiyo inayolifanya kopo lilipuke likitiwa motoni. Inhela nyingi za kubonyeza hutumia gesi ya HFC-134a, ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya kaboni dioksidi katika muda wa miaka 100, kwa hiyo kopo likipondwa jalalani au likivuja polepole, madhara yanaendelea ingawa mgonjwa alishamaliza dawa yake. Zirudishe nzima kwenye duka la dawa au hospitali inayopokea dawa zisizotumika, na uulize kama huteketezwa katika tanuri la joto kali, kwa kuwa joto hilo huivunja gesi yenyewe, jambo ambalo moto wa kawaida wa taka haulifanyi.

Msomaji wa Zamu: Mimi hulitia kopo ndani ya maji, likielea, najua ni tupu. Na je, zile za unga?

Mfamasia Mstaafu: Tafadhali acha jaribio hilo, kwani halionyeshi dawa iliyobaki, na maji yanaweza kuziba vali. Tegemea kaunta, au hesabu dozi kama haipo. Inhela za unga hazina gesi ya kusukuma, lakini mabaki ya dawa yamo, hivyo nazo zirudishwe. Hata hivyo, mtu asihamie kwenye unga bila daktari wake, maana zinahitaji pumzi yenye nguvu ambayo watoto wadogo mara nyingi hawana.

Mlezi wa Wawili: Ahsante sana. Moja imepitwa na muda ikiwa na dozi nyingi. Niimalizie hewani kwanza?

Mfamasia Mstaafu: Hapana, usiibonyeze hata mara moja, kwa sababu kila ukibonyeza gesi hutoka hewani. Irudishe kama ilivyo.