Naomba ushauri: wanataka niwe mwenyekiti wa kikoba, nasita

Habari zenu wapendwa. Mimi ni katibu wa kikoba (kikundi cha kuweka na kukopeshana) cha akina mama hapa Mbagala. Mwenyekiti anahama, wenzangu wananing'ang'ania nigombee. Daftari la hisa naandika mimi, wadaiwa sugu nawafuata mimi, hata ufunguo wa sanduku ulipopotea walinipigia mimi. Ila kwangu kiongozi ni mwenye maneno. Bibi Titi Mohamed alitoka kuimba kwenye ngoma akaongoza akina mama wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, miaka ya 1950, lakini yule jukwaa alilizoea. Mimi kufungua kikao tu natetemeka. Mume wangu anasema nitagombana na majirani kwa marejesho (hapo ana hoja). Mliopitia hili, mlianzaje? Uchaguzi ni Jumamosi.